NANI ANAHESABU SIKU NDANI YA TAA?

Mwezi huu ukurasa wetu wa familia unaleta jambo ambalo limeleta kelele katika nyumba nyingi, nalo ni taa ya sola ya kulipa kidogo kidogo.

Kelele zenyewe tunazijua. Baba ametuma pesa kwa simu, namba imekuja, taa imewaka. Siku zinapita. Halafu jioni moja mtoto yuko katikati ya kazi ya shule, taa inazima pa! Hapo maneno yanaanza. Mama anaulizwa kama aliiacha inawaka usiku kucha. Kijana mkubwa anashukiwa kwamba alichaji simu za rafiki zake. Wengine wanasema kampuni inatuangalia kutoka Kampala na inatukatia ikipenda. Na wapo waliofungia taa ndani ya sanduku wiki nzima walipokwenda msibani, wakifikiri siku zitawangoja. Waliporudi, siku zimekwisha.

Basi nani anahesabu hizo siku? Anahesabu vipi? Na je, anaweza kukosea? Leo tufungue taa pamoja. Hatutatumia bisibisi, maana ukiifungua hivyo unaweza kupoteza garanti. Tutaifungua kwa maneno.

KOMPYUTA NDOGO NA MSAIDIZI WAKE

Ndani ya taa kuna kibao chenye vipande vingi vidogo. Kimoja ni cheusi, chenye miguu ya chuma pembeni kama mdudu. Hiyo ni chipu inayoitwa maikrokontrola. Ni kompyuta kamili, lakini ndogo kuliko ukucha. Za namna hiyo zimo pia katika mita za umeme, katika rimoti ya televisheni na katika mizani ya kidijitali.

Chipu hiyo ina ubongo unaofuata programu, amri moja baada ya nyingine. Ina kumbukumbu. Tena ina wasaidizi waliokaa pembeni ya ubongo. Mmoja wa wasaidizi hao anaitwa taima. Taima hajui kusoma, hajui kupanga, hajui pesa. Kazi yake ni moja tu: kuhesabu.

Kwa nini ubongo usihesabu wenyewe? Fikiri mama anapika. Ameweka maji ya ugali motoni, na huku anatwanga sombe. Akiacha kinu kila mara kwenda kuchungulia sufuria, sombe haitaisha mpaka usiku. Kwa hiyo anamweka mtoto karibu na jiko: "Wewe angalia maji tu. Yakichemka, niite." Mama anaendelea na kinu bila wasiwasi. Mtoto akiita "Mama, tayari!", mama anaweka mchi chini, anashughulikia ugali, kisha anarudi kwenye kinu pale pale alipoachia.

Mama ni ubongo wa chipu. Mtoto wa jikoni ni taima. Ubongo unaweza kuangalia betri, kusoma vitufe, kuwasha balbu, huku taima inahesabu pembeni. Hesabu ikifika pale ilipoagizwa, taima inaita. Ubongo unasimama kidogo, unafanya linalotakiwa, halafu unarudi kwenye kazi yake.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Mtoto akiwa macho, mama anaweza hata kulala. Ndivyo chipu nyingi zinavyofanya: ubongo unalala ili usile betri, taima inabaki macho ikitumia umeme kidogo sana. Kumbe ndiyo maana taa iliyozimwa na kufungiwa sandukuni inaendelea kuhesabu. Balbu imelala, lakini mhesabuji hajalala.

MOYO UNAOPIGA

Taima inahesabu nini? Haioni jua, haisikii jogoo. Inahesabu mapigo tu, kama muuguzi anavyoshika mkono wa mgonjwa.

Mapigo hayo mara nyingi yanatoka kwenye kipande kidogo cha jiwe la kwatzi, kilichokatwa kwa umbo la uma wenye meno mawili na kufungwa ndani ya kikopo cha chuma. Ukilipa umeme jiwe hilo linatetemeka, na linatetemeka kwa mwendo ule ule, pigo kwa pigo. Saa za mkononi zinazouzwa soko la Arua zina jiwe la aina hiyo hiyo. Linapiga mara 32,768 kila sekunde.

Kwa nini namba ya ajabu hivyo? Kijana achukue kalamu. Gawa 32,768 kwa 2, utapata 16,384. Gawa tena kwa 2, utapata 8,192. Endelea hivyo mara 15 kwa jumla, utafika kwenye 1 kamili bila baki. Chipu imejengwa kwa swichi ndogo zenye hali mbili tu, wazi au fungwa, kwa hiyo kugawa kwa 2 ndiyo kazi rahisi kwake. Ikigawa mara 15 inapata pigo moja kwa sekunde.

KOKOTO ZA BOMBANI

Chipu nyingine zina moyo wa haraka zaidi. Chukua bodi ya Arduino Uno, iliyotoka mwaka 2010, ambayo wanafunzi wengi duniani wanajifunzia. Chipu yake inaitwa ATmega328P, na kwenye bodi hiyo moyo unapiga mara 16,000,000 kwa sekunde moja. Ina taima tatu. Mbili zinaweza kuhesabu mpaka 255 tu. Moja inaweza kufika 65,535.

Je, ikifika mwisho inafanya nini? Sisi watu wa Kiswahili jambo hili hatuhitaji kufundishwa. Saa zetu zinaanza jua likichomoza: saa moja, saa mbili, mpaka saa kumi na mbili. Baada ya hapo hatusemi saa kumi na tatu. Tunarudi saa moja. Taima nayo ni hivyo. Ile ya 255 ikipata pigo moja zaidi haiendi 256. Inarudi sifuri na kuanza upya. Na kama vile mtu akikwambia "njoo saa tatu" utamuuliza ni asubuhi au usiku, programu pia lazima iandike mahali taima imezunguka mara ngapi. Isipoandika, hesabu inapotea.

Sasa mapigo milioni 16 ni mengi mno. Taima ya 65,535 inajaa na kurudi sifuri mara 244 ndani ya sekunde moja! Waliotengeneza chipu waliweka njia ya kupunguza. Fikiri mzee anayehesabu jerikani pale bombani. Akiweka kokoto moja kwa kila jerikani, mfuko utajaa kabla ya saa nne. Kwa hiyo anaamua: kila jerikani 8, kokoto moja. Kazi imepungua, na hesabu bado ni ya kweli.

Kwenye chipu hiyo unaweza kuagiza kokoto moja kwa kila mapigo 8, au 64, au 256, au 1,024. Tukichagua 256, tunagawa 16,000,000 kwa 256 na kupata 62,500. Namba hiyo inatosha ndani ya mfuko wa 65,535. Tunaiambia taima: anza sifuri, ukimaliza 62,499 piga kengele, urudi sifuri. Kutoka sifuri mpaka 62,499 ni kokoto 62,500, maana sifuri nayo imehesabiwa. Kila kengele ni sekunde moja.

KUTOKA SEKUNDE MPAKA SIKU

Kilichobaki ni hesabu ya darasani. Sekunde 60 ni dakika, dakika 60 ni saa, saa 24 ni siku. Siku moja ina sekunde 86,400. Kila taima inapoita, programu inaongeza moja. Ikifika 86,400 inapunguza siku moja kwenye zile ulizolipia. Zikifika sifuri, swichi ya balbu inafungwa.

Ile namba unayotumiwa kwenye simu imebeba idadi ya siku kwa njia ya siri. Ukiibonyeza, chipu inaikagua kama ni ya taa hiyo, kisha inaongeza siku kwenye akiba. Taa ya vitufe namna hiyo haina antena wala laini ya simu. Hakuna mtu wa Kampala anayeiona. Zipo aina nyingine zenye laini ya simu ndani ya boksi, kama zile ambazo kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza Kenya mwaka 2012. Hizo zinaongea na kampuni kwa mtandao, na malipo yanafika bila kubonyeza namba. Kwa hiyo ujue kwanza yako ni ya aina gani.

Katika taa nyingi za vitufe siku inaanza dakika ile uliyobonyeza namba. Haingoji saa sita ya usiku. Ukibonyeza namba ya siku 7 Jumatatu saa mbili usiku, taa itazima Jumatatu inayofuata saa mbili usiku, mtoto akiwa na daftari mbele yake. Ukibonyeza asubuhi saa mbili, itazima asubuhi, jua liko nje, na una mchana mzima wa kutafuta pesa. Pesa ni ile ile, siku ni zile zile, lakini jioni ya mtoto imepona.

JE, TAIMA INAWEZA KUKOSEA?

Inaweza. Ila inakosea kwa njia inayopimika, na hapa tunaomba wazazi wasome taratibu.

Jiwe zuri la kwatzi hupotoka kama mapigo 20 katika kila milioni. Kwa siku ni chini ya sekunde 2. Kwa mwezi haifiki dakika moja. Joto kali, kama lile la chini ya mabati mchana, linalichelewesha jiwe la umbo la uma kwa sekunde moja hivi kwa siku. Hiyo haiwezi kukuibia hata jioni moja.

Lakini jiwe ni gharama, hata kama ni ndogo. Ndani ya chipu nyingi kuna moyo mwingine wa bei rahisi, usiotumia jiwe. Huo si mwaminifu sana. Kwa ile ATmega328P, watengenezaji wenyewe wanaandika kwamba moyo wake wa ndani, kama ulivyotoka kiwandani, unaweza kupotoka mpaka asilimia 10, kwenda mbele au kurudi nyuma. Ukipimwa vizuri na kurekebishwa, unaweza kufika asilimia 1.

Fanya hesabu. Asilimia 1 ya siku 30 ni saa 7 na dakika 12. Asilimia 10 ni siku 3 kamili. Kama mtu angetengeneza taa kwa moyo huo bila kuurekebisha, na ukawa unakimbia, familia ingelipa siku 30 na kupata 27 hivi. Hakuna mchawi, hakuna mtoto aliyewasha usiku. Ni moyo unaopiga haraka kuliko inavyotakiwa.

Utajuaje? Hesabu na wewe. Weka daftari karibu na taa. Siku unabonyeza namba, andika tarehe, saa na idadi ya siku. Ikizima, andika tena tarehe na saa. Tumia saa ya simu iliyo kwenye mtandao. Ikipishana dakika chache, usigombane na mtu. Ikipishana nusu siku au zaidi, mara mbili au tatu mfululizo, peleka daftari kwa wakala. Mtu anayesema tu "mnatuibia" ni rahisi kumfukuza. Mtu mwenye tarehe na saa za miezi mitatu, hapo sasa ni lazima ajibiwe.

KAZI NYINGINE ZA MHESABUJI

Taima ile ile inafanya kazi nyingine ambayo pengine hukuijua. Taa yako ina mwanga mkali na mwanga mdogo, si ndiyo? Mara nyingi ule mdogo si umeme uliopunguzwa nguvu. Taima inahesabu 0 mpaka 255, tena na tena, mara mia kadhaa kwa sekunde. Balbu inawashwa hesabu ikianza, inazimwa ikifika 64. Maana yake inawaka robo tu ya muda. Jicho letu haliwezi kufuata mwendo huo, linaona mwanga hafifu uliotulia. Betri nayo inaliwa karibu robo tu. Kwa hiyo usiku wa kulinda mgonjwa, weka mwanga mdogo: betri ile ile itakaa karibu mara nne.

Halafu kuna taima ya pili tunayoweza kuiita mlinzi. Yeye anahesabu kuelekea mwisho, na programu lazima imguse kila mara kumwambia "niko salama." Programu ikikwama, hakuna wa kumgusa. Mlinzi akimaliza hesabu yake, kwenye ATmega328P ni sekunde 8 kwa muda mrefu kabisa, anaiamsha chipu yote ianze upya. Kama umewahi kuona taa inazima ghafla na kuwaka yenyewe, inawezekana ni mlinzi aliyefanya kazi. Ili siku zako zisipotee hapo, taa iliyotengenezwa vizuri huandika hesabu mara kwa mara katika kumbukumbu isiyofutika hata betri ikiisha.

HESABU ILIYOJAA AFRIKA NZIMA

Mkifikiri habari hizi za kihesabu kujaa ni za vitabu tu, wapigieni simu ndugu walio Kampala, Nairobi au Dar es Salaam. Wenye umeme wa kulipia kabla waliyaona mwaka 2024.

Tokeni za Yaka ya Uganda, za LUKU ya Tanzania na zile za Kenya zinafuata utaratibu mmoja unaoitwa STS, uliozaliwa Afrika Kusini. Ndani ya kila tokeni ya tarakimu 20 imefichwa hesabu ya dakika, kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Mita inakumbuka hesabu za tokeni ilizopokea, ili mtu asitumie tokeni moja mara mbili. Lakini nafasi iliyowekwa kwa hesabu hiyo inatosha mpaka 16,777,215 tu. Dakika hizo zilikuwa zinakwisha tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu ingerudi sifuri, na mita ambayo haikutengenezwa ingeona tokeni mpya kama za zamani na kuzikataa.

Ndiyo maana TANESCO, Kenya Power, na Umeme iliyosimamia umeme wa Uganda mpaka mwisho wa Machi 2025, waliwaomba wateja waingize namba mbili za ziada, kila moja tarakimu 20, kabla ya tokeni yao ya kawaida. Namba hizo ziliiambia mita isahau ya nyuma na ianze kuhesabu kutoka mwaka 2014. Nafasi hiyo mpya itajaa mwaka 2045. Wengi waliogopa wakadhani ni utapeli. Aliyeelewa kwamba kihesabu kikijaa kinarudi sifuri, hakuogopa.

MAMBO YA KUKUMBUKA NYUMBANI

1. Kabla ya kununua, muulize wakala: siku zinahesabiwa hata taa ikiwa imezimwa? Betri ikiisha kabisa, hesabu inasimama au inaendelea? Akishindwa kujibu, tafuta anayejua.

2. Bonyeza namba asubuhi, si usiku.

3. Ukisafiri, usilipie siku ambazo hutakuwepo. Kuifungia taa sandukuni hakuzuii hesabu.

4. Weka daftari la taa. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuliandika, na ni zoezi zuri la hesabu kwake.

5. Usimpe mtu taa "aivunje" ili isihesabu. Chipu nyingi zikiguswa hivyo zinajifunga, na deni linabaki kwako.

6. Taa ikizima, kabla ya kumlaumu mama au mtoto, fungua daftari kwanza.

Na ninyi vijana mnaotengeneza simu pale Koboko na Arua, msiishie kubadilisha skrini na betri tu. Anayejua mapigo, kokoto na kengele amepata mlango wa kuelewa mita, pampu ya maji ya sola, friji ya chanjo na mengine mengi. Vyote hivyo vina mhesabuji wa namna hii ndani yake. Anayetaka kuanza, aanze na ile hesabu ya 32,768. Gawa kwa 2 mara 15, jioni hii, mbele ya wadogo zako.

Taima haijui kama wewe ni maskini au tajiri, mkimbizi au mwenyeji, wala haijui kama uliwasha taa au la. Inajua mapigo tu. Kwa sababu hiyo inaweza kuhesabiwa na kila mtu mwenye saa na kalamu, na familia iliyohesabu haina haja ya kugombana gizani.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Kama daftari lako limeonyesha jambo, tuletee tulisome pamoja.